Kifaa Usichokijua katika Njia ya Hewa ya Gari Mseto: Kitambue Kabla ya Kulipia

Mtu aliyenunua gari mseto lililotumika, lile ambalo mafundi wetu huliita haibridi, aghalabu hukutana na jambo hili katika huduma ya kwanza. Boneti hufunguliwa, fundi hushika kisanduku cheusi cha plastiki au mpira uliopinda, kisha husema kwamba kitu hicho kimeharibika, au kimezidi, au kimepungua. Mwenye gari hakijui kifaa hicho. Pengine fundi naye hakijui, maana amezoea magari ya petroli ya kawaida. Hata hivyo uamuzi hutakiwa papo hapo, na fedha nazo hutakiwa papo hapo.

Somo hili linahusu njia ambazo hewa huingilia katika gari la namna hiyo. Tumeichagua sehemu hii kwa kuwa ndiyo yenye vifaa vingi visivyo na umbo la kueleweka kwa macho. Gurudumu kila mtu analijua, na taa kila mtu anaijua; lakini boksi la plastiki lenye mdomo mmoja na lisilo na mahali pa kutokea humshangaza yeyote. Isitoshe, kosa katika njia hizi laweza kumfikisha mlaji kwenye gharama kubwa kuliko zote katika gari mseto, yaani kununua betri kuu isiyohitajika, au kununua betri inayohitajika kisha kuiua kwa sababu ile ile iliyoiua ya kwanza.

Mifano yetu tumeitoa katika Toyota Prius na Toyota Aqua, magari ambayo huletwa kwa wingi kutoka Japani yakiwa yametumika. Prius ilianza kuuzwa Japani mwaka 1997, na Aqua mwaka 2011. Anayemiliki gari la kampuni nyingine atakuta umbo na mahali pa vifaa vimetofautiana, lakini namna ya kuuliza ni ile ile.

Tahadhari ya kwanza

Kabla ya kuinamia injini, hakikisha gari limezimwa kwelikweli. Gari mseto laweza kuwa kimya kabisa ilhali limewaka. Maadamu neno READY linang'aa kwenye dashibodi, injini yaweza kujiwasha yenyewe wakati wowote betri ikihitaji kuchajiwa, nawe umeingiza mkono kwenye feni. Zima gari kwa kitufe chake, tazama neno hilo limezimika, kisha uweke ufunguo mbali na gari. Nyaya zote zenye ganda la rangi ya machungwa hubeba umeme wa nguvu kubwa unaoweza kuua. Usiziguse, usizivute, wala usifungue kifuniko chochote zinakoingia. Hakuna kifaa cha njia ya hewa ambacho mlaji anahitaji kugusa nyaya hizo ili akitambue.

Hewa tatu ndani ya gari moja

Hapa ndipo penye ufunguo wa somo zima. Gari la kawaida lina njia mbili za hewa: ile inayokwenda kwenye injini ili petroli iweze kuungua, na ile inayokwenda kwa abiria kupitia kiyoyozi. Prius na Aqua zina njia ya tatu, nayo ni ya kuipoza betri kuu. Njia ya injini imo chini ya boneti. Njia ya abiria huanzia chini ya kioo cha mbele na kupita kwenye chujio lililofichwa nyuma ya kisanduku cha dashibodi, mbele ya abiria. Njia ya betri haianzii nje ya gari hata kidogo. Huanzia ndani, karibu na kiti cha nyuma, kwenye kidirisha kidogo cha plastiki ambacho wengi hudhani ni spika ya redio au pambo.

Kwa hiyo mtu akikuonesha kifaa na kukuambia ni “cha hewa”, swali la kwanza la kumuuliza ni: hewa ipi? Neno “chujio la hewa” peke yake halitoshi dukani wala gereji. Chujio la injini na chujio la abiria vyote viwili ni karatasi iliyokunjwakunjwa katika fremu ya mstatili, na mnunuzi asiyetazama vyema huuziwa moja badala ya jingine. Hasara yake ni ndogo, lakini ni mazoezi mazuri ya kuanzia.

Kuifuata hewa chini ya boneti

Njia iliyo bora ya kukitambua kifaa usichokijua ni kuifuata hewa tangu inapoingia mpaka inapozama kwenye injini. Anzia mbele, karibu na rejeta. Utakuta mdomo mpana wa plastiki, umebanwa juu ya fremu ya mbele au umeelekezwa pembeni. Umewekwa hapo ili uvute hewa ya nje iliyo baridi, mbali na joto la injini na mbali na maji ya barabarani. Mdomo huo huingia kwenye boksi kubwa ambalo kifuniko chake hushikwa kwa klipu. Ndani yake limo chujio. Baada ya chujio, mara nyingi kwenye kifuniko hicho hicho au kwenye shingo ya bomba linalofuata, kuna sensa ndogo yenye plagi ya umeme; hiyo hupima kiasi cha hewa kinachopita ili kompyuta ya gari ijue petroli ya kutia. Kisha hufuata bomba la mpira lenye mikunjo kama ya kodiani, lililofungwa kwa pete za chuma, nalo huishia kwenye mlango wa hewa wa injini ambao mafundi huuita throto.

Hiyo ndiyo barabara kuu. Kifaa kigeni kitakuwa ama kwenye barabara hiyo, ama kwenye kichochoro kinachotoka humo. Nacho huhukumiwa kwa swali moja ambalo twamsihi msomaji alikariri: je, kimekaa kabla ya chujio au baada ya chujio?

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kifaa kilicho kabla ya chujio kikipasuka au kikipotea, gari laweza kupiga kelele zaidi, kuvuta hewa ya moto, au kuvuta maji katika mafuriko. Ni matatizo, lakini chujio bado linailinda injini dhidi ya vumbi. Kifaa kilicho baada ya chujio kikipasuka, vumbi la barabara ya kokoto huingia moja kwa moja kwenye silinda na kuzisaga polepole kama msasa. Na ikiwa ufa uko baada ya sensa ya hewa, kompyuta hudanganyika: hewa imeingia bila kuhesabiwa, petroli hutiwa pungufu, injini hutetemeka na taa ya injini huwaka. Namba P0171, ambayo fundi ataisoma kwenye mashine ya kupimia, maana yake ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Mashine haisemi kwa nini. Mpira uliochanika kwenye mikunjo, pete iliyolegea au klipu ya boksi iliyosahauliwa wazi baada ya huduma vyaweza kuileta namba hiyo, na vyote ni vya kutazama kwa macho kabla ya kununua sensa mpya.

Boksi lisilo na mahali pa kutokea

Kifaa kinachoulizwa mno ni kile kisanduku kitupu kilichoning'inizwa kwenye bomba la hewa, chenye mdomo mmoja tu. Ukikitikisa, hakina kitu ndani. Hewa ikiingia humo haina pa kwenda. Kinaitwa rezoneta, nacho hakikuwekwa kwa bahati mbaya.

Injini huvuta hewa kwa mikupuo, na mikupuo hiyo hutoa mvumo kwenye bomba. Anayepuliza mdomoni mwa chupa tupu ataisikia sauti yake, nzito au nyembamba kulingana na ukubwa wa chupa. Wahandisi hutumia kanuni hiyo kinyume: huweka chupa yenye ukubwa uliopimwa pembeni mwa bomba ili mawimbi yake yaukate mvumo wa injini. Katika gari mseto jambo hili lina uzito wa pekee, kwa maana injini hujiwasha na kujizima ukiwa barabarani, na mvumo unaotokea ghafla katika ukimya humkera abiria kuliko ule anaouzoea safari nzima. Bomba moja laweza kuwa na rezoneta zaidi ya moja, kila moja kwa mvumo wake.

Sasa tazama mazungumzo ambayo yaweza kutokea katika gereji yoyote:

“Mama, hili boksi halina kazi, linabana hewa tu. Tukilitoa gari litakuwa jepesi.”

“Fundi, hilo limeshikwa kabla ya ea klina au baada yake?”

“Baada yake, hapa kwenye mpira.”

“Na tundu litakalobaki utaliziba na nini?”

Mama huyo hakuhitaji kujua jina la kifaa. Ameuliza mahali, na ameuliza kitakachobaki. Rezoneta iliyotolewa baada ya chujio huacha tundu, na tundu lililozibwa kwa kitambaa au gundi ya karatasi ni mlango wa vumbi. Hata fundi akiliziba barabara, gari halitakuwa jepesi, kwa sababu boksi lile halikai katikati ya njia hata libane hewa, limekaa pembeni. Basi ukiambiwa ulipie kazi ya kuliondoa, hujapata chochote isipokuwa kelele. Likiwa limepasuka, kulitengeneza au kulibadilisha ni haki. Nalo hupatikana katika maduka ya spea zilizotumika.

Chini ya boksi la chujio au chini ya rezoneta yenyewe waweza kukuta tundu dogo safi, la mviringo, lisilo na kingo zilizovunjika. Hilo ni tundu la kutolea maji yaliyoingia na hewa. Usikubali lizibwe.

Karatasi nyeusi chini ya kifuniko

Baadhi ya magari mseto yana kitu kingine ambacho fundi wa magari ya kawaida huenda hajawahi kukiona. Fungua kifuniko cha boksi la chujio na utazame upande wake wa ndani. Waweza kukuta utando mweusi au kijivu uliobanwa kwa pini za plastiki zilizoyeyushwa, si kwa skrubu. Huo una mkaa maalumu ndani yake, na kazi yake ni kuunasa mvuke wa petroli.

Injini inapozimika, mvuke kidogo wa petroli hubaki kwenye mabomba ya hewa na hutaka kurudi nje kupitia njia ile ile iliyoingilia hewa. Gari mseto huzima injini yake mara nyingi katika safari moja, hivyo mvuke huo nao hupata nafasi nyingi za kutoroka. Mkaa huushika, na injini inapowaka tena, hewa inayovutwa huurudisha kwenye silinda ukaungue. Utando huu si chujio la vumbi. Haubadilishwi katika huduma ya kawaida, haupulizwi kwa kompresa, na haupaswi kuoshwa kwa petroli, kitendo ambacho kingeujaza kile kile ulichowekwa kukinasa. Anayekuambia kwamba “kuna chujio la pili limeoza” na anataka kuling'oa, mwoneshe pini zile zilizoyeyushwa umuulize ni vipi kifaa cha kubadilishwa kimefungwa kwa namna isiyofunguka.

Pia yako mambo ambayo kutokuwepo kwake si kasoro. Katika gari la petroli la kawaida, bomba nene la mpira hutoka kwenye njia ya hewa ya injini na kwenda kwenye kisaidizi cha breki, kile kisahani kikubwa cheusi kilicho mbele ya dereva. Katika Prius hulikuti bomba hilo, kwa kuwa breki zake hupata nguvu kutoka pampu ya umeme inayosukuma mafuta ya breki. Gari linalotembea injini ikiwa imezimwa lisingeweza kuutegemea mvuto wa injini. Fundi akisema bomba la breki limeibiwa bandarini, usinunue.

Kidirisha kilicho karibu na kiti

Tumefika kwenye kifaa ambacho, kwa maoni yetu, kila mwenye gari mseto angepaswa kuoneshwa siku anapokabidhiwa ufunguo. Katika Prius za kizazi cha pili na cha tatu, kipo kando ya egemeo la kiti cha nyuma, kwa sababu betri kuu imewekwa nyuma ya kiti hicho. Katika Aqua betri ipo chini ya kiti cha nyuma, na kidirisha chake kipo chini, kwenye kiti hicho hicho. Ni wavu wa plastiki wenye vipenyo vyembamba, na nyuma yake kuna bomba linaloelekea kwenye feni ya umeme na kisha kwenye betri.

Betri ya Prius hizo imeundwa kwa vipande 28, kila kimoja cha volti 7.2, vikiunganishwa kuwa volti 201.6. Ya Aqua ina vipande 20, jumla volti 144. Vipande hivyo hupata joto kila vinapochajiwa na kila vinapotoa umeme, na joto ndilo adui mkuu wa uhai wake. Feni huvuta hewa ya ndani ya gari na kuipitisha katikati ya vipande. Ndiyo maana hewa iliyopozwa kwa kiyoyozi huifaa betri kama inavyomfaa abiria, na ndiyo maana gari lililofungwa vioo juani mchana kutwa Dar es Salaam au Tanga huianzia betri siku katika hali mbaya.

Lakini hewa ya ndani huja na vitu vyake: vumbi la mazulia, nywele, nyuzi za nguo, manyoya ya kuku aliyesafirishwa kwenda sherehe. Vyote hivyo hukusanyika kwenye mabawa ya feni. Feni iliyojaa uchafu huzunguka kwa kelele bila kusukuma hewa ya kutosha. Hali huwa mbaya zaidi kiti kikivalishwa kava la ngozi bandia lililoshonwa hapa nyumbani na fundi ambaye hakujua wavu ule ni wa nini, akaufunika. Au mzigo huegemezwa hapo kila siku na gari linalofanya kazi ya teksi. Mwenye gari huanza kuisikia feni ikivuma nyuma kwa nguvu hata safari ikiwa fupi. Asipoijali, taa huwaka.

Na hapa ndipo fedha hupotea. Mashine ya kupimia yaweza kutoa namba P0A80, ambayo maelezo yake katika kompyuta ni kwamba betri kuu ibadilishwe. Yaweza pia kutoa P0A82, inayohusu feni ya kupozea betri kutofanya kazi ipasavyo. Mlaji anayeoneshwa P0A82 na kuambiwa anunue betri amepotoshwa, ama kwa kutojua ama kwa makusudi. Anayeoneshwa P0A80 hana hakika ya wizi, kwani betri yaweza kuwa imechoka kweli. Hata hivyo ana haki ya kuuliza kwa nini imechoka. Ikiwa sababu ni feni iliyoziba na hakuna aliyeisafisha, betri mpya au ya mtumba itakayowekwa itapikwa katika jiko lile lile. Sharti la kusafisha feni na bomba lake liandikwe kwenye ankara kabla ya malipo ya betri yoyote, nayo dhamana ya betri iandikwe kwa miezi au kilomita. Gharama ya usafi huo ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya betri, ambayo huhesabiwa kwa mamilioni ya shilingi.

Mwenye gari aweza kufanya mwenyewe kazi ya nje: kuufyonza wavu kwa mashine ya kufyonzea vumbi au kuufuta kwa brashi laini, kuondoa mizigo, kukata kava pale panapoufunika. Asitumie maji. Asipulizie hewa ya kompresa kuelekea ndani, maana atausukuma uchafu kwenye betri. Baadhi ya magari mapya zaidi yana chujio dogo nyuma ya wavu, linalotolewa na kusafishwa kwa kufuata kitabu cha gari, na dashibodi yake huandika ujumbe likiziba. Kuifungua feni yenyewe ni kazi ya fundi wa umeme wa magari mseto, kwa sababu iko jirani na nyaya zile za rangi ya machungwa.

Wapo wanaoipima feni kwa kushika kipande cha karatasi laini mbele ya wavu ili waone kama kinavutwa. Kikivutwa, feni inafanya kazi. Kisipovutwa, hujathibitisha kitu, kwani betri ikiwa baridi feni huenda haijaamriwa kuzunguka. Fundi mwenye mashine inayofaa aweza kuiamuru izunguke papo hapo, na hicho ndicho kipimo cha kuombwa.

Maandishi juu ya plastiki

Kifaa kikishatolewa, kigeuze. Kwenye vipande vingi kuna maandishi, lakini si yote ni jina lake. Herufi zilizobanwa kati ya alama mbili za mshale, kama >PP< au >PP-TD20<, hutaja aina ya plastiki kwa ajili ya wanaoiyeyusha upya. Ukilipeleka neno PP dukani utapewa chochote. Duara dogo lenye tarakimu 1 hadi 12 na mshale katikati ni kumbukumbu ya mwezi ambao kipande kilitolewa kwenye kalibu, na aghalabu namba ya mwaka ipo kati. Huko ndiko waweza kugundua kwamba kipande kilichouzwa kama kipya kina umri wa miaka 10.

Unachokitafuta ni namba ya spea. Ya Toyota huwa na alama tano, kistari, kisha alama nyingine tano. Tano za mwanzo hutaja aina ya kifaa, na tano za pili hutaja ni cha gari lipi. Hivyo 17801 mwanzoni ni chujio la hewa ya injini, 17881 ni mpira wa njia ya hewa hiyo, na 87139 ni chujio la hewa ya abiria. Spea mbili zenye tarakimu za mwanzo zinazofanana si lazima zibadilishane. Zenye mwanzo tofauti si kifaa kimoja, hata zikifanana umbo.

Ikiwa namba imefutika, tumia ya gari. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani halina namba ndefu ya alama 17 ambayo baadhi ya maduka na programu huidai. Lina namba ya fremu: NHW20 au ZVW30 kwa Prius, NHP10 kwa Aqua, kisha kistari na tarakimu saba. Ipo kwenye kibati cha gari na kwenye kadi ya usajili. Mwuzaji wa spea mwenye katalogi ataingiza namba hiyo na kukuonesha mchoro wa njia yote ya hewa, kila kipande na namba yake. Omba kuuona mchoro huo. Kipande kilicho mkononi mwako kisipokuwamo, basi kilitoka kwenye gari jingine, na mtu fulani kabla yako alikipachika.

Gereji na haki yako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji au kumpa maelezo ya uongo kuhusu bidhaa na huduma. Spea iliyotumika ikiuzwa kama mpya, au ya kuiga ikiuzwa kama ya kiwanda cha gari, ni upotoshaji. Sheria hiyo haiwi na nguvu mkononi mwa mlaji asiye na ushahidi, na ushahidi wa gereji hupotea haraka kuliko wa duka, kwa kuwa kifaa cha zamani hutupwa jioni ile ile.

Kwa hiyo, kabla ya kazi kuanza, piga picha ya kifaa kikiwa mahali pake, picha ya karibu ya namba yake, na picha ya skrini ya mashine ya kupimia yenye namba ya kosa na tarehe. Taka makadirio ya maandishi yanayotaja kifaa kwa namba, si kwa neno “cha hewa”. Sema mapema kwamba vifaa vya zamani utaondoka navyo. Ni vyako, hata kama ni vibovu. Fundi mwaminifu hachukizwi na ombi hilo, na yule anayechukizwa amekujulisha jambo. Chukua risiti ya kielektroniki yenye jina la gereji.

Mkishindwa kuelewana, andika barua kwa gereji ukieleza ulichoambiwa, ulicholipa na ulichokikuta, ukiwapa muda wa kujibu. Jibu lisipokuja, peleka malalamiko katika ofisi ya Tume ya Ushindani ukiambatanisha nakala ya barua hiyo, makadirio, risiti na picha. Kifaa chenyewe kifunge kwenye mfuko, ukiandikie tarehe na namba ya gari, na ukae nacho. Usikirudishe kwa gereji kabla malalamiko hayajasikilizwa, hata ukiambiwa kinahitajika kwa ajili ya kubadilishana.